Miti ya Ufipa: kutoka tanuri la chuma hadi Msitu wa Mbizi

Barabara ya kutoka Sumbawanga mjini kwenda Muze hupanda kwanza milima ya Mbizi ndipo iteremke bonde la Rukwa. Mji wenyewe uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na milima hiyo inapita mita 2,000. Ukigeuka magharibi unaona uwanda wa Ufipa ulivyo: nyasi, mashamba ya mahindi na maharage, ng'ombe, moshi wa vijiji, na miti michache iliyopandwa na watu kandokando ya nyumba. Ukigeuka mashariki ardhi inakatika. Ukingo wa Bonde la Ufa unashuka karibu mita 1,000 hadi Ziwa Rukwa, ziwa linalopokea mito lakini halina mto wa kutolea maji yake. Kwenye ukingo huo, katika makorongo yanayoshika ukungu na unyevu, umebaki Msitu wa Mbizi.

Ndani ya msitu huo anaishi mbega mwekundu, yule ambaye wanasayansi humwita Piliocolobus tephrosceles. Ni mnyama wa juu ya miti. Hana kidole gumba, mikono yake imeumbwa kwa kunasa matawi na kuruka, na chakula chake kikuu ni majani, hasa machanga. Jamaa zake walio wengi kuliko wote wako Kibale, magharibi ya Uganda, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbizi. Wengine wako Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Wa Ufipa wamekaa peke yao, wamezungukwa na nyasi na mahindi, vitu viwili ambavyo haviwafai.

Walifikaje? Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu ilishikana kwenye kingo za Bonde la Ufa kutoka kaskazini hadi kusini, na mbega wakatembea juu yake kizazi baada ya kizazi. Ukame uliporudi, misitu ikajikunja kwenye vilele na makorongo, na mbega wakajikunja nayo. Hiyo ni kazi ya hali ya hewa, na binadamu hana lawama. Sehemu inayotuhusu inaanzia hapo: vile vipande vilivyobaki vilikatwaje tena, na nani aliyevikata, na kwa shida gani.

Nasema shida kwa makusudi. Nimesoma maandishi mengi kuhusu uharibifu wa misitu ambamo mkulima au mchoma mkaa anaingia kama mwizi aliyetoka gizani. Historia ya Ufipa haisomeki hivyo. Kila zama zilikuwa na sababu zake za kuhitaji kuni, mkaa, boriti na mbao, na mti ulipona pale tu ambapo watu walipata kitu kingine cha kutumia badala yake.

Kusini-magharibi ya uwanda, Mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark aligundua juu ya maporomoko hayo eneo lenye mabaki ya kale sana. Maji yaliyoloanisha udongo kwa muda mrefu yalikuwa yamehifadhi hata vipande vya miti, jambo adimu katika Afrika, ambako mchwa na joto humaliza mbao upesi. Watafiti wa kizazi cha baadaye, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walirudi huko, na mwaka 2023 wakatangaza walichokipata: magogo mawili yaliyowekwa moja juu ya lingine, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae sawasawa juu ya la chini. Umri wake ulipimwa kuwa kama miaka 476,000. Waliochonga magogo hayo waliishi kabla ya watu wa aina yetu kuwako. Ukataji miti katika ukanda huu, basi, ni mkongwe kuliko binadamu mwenyewe, na kwa karibu muda wote huo msitu ulistahimili.

Kilichobadilisha mambo ni chuma. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na ushahidi wa kazi yao bado umesimama uwandani: minara ya udongo, mingine ikipita urefu wa mtu aliyeinua mikono. Tanuri hilo kubwa waliliita ilungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likafika kama mita tatu, likiwa limetobolewa matundu kuzunguka kitako chake. Halikuhitaji mivukuto. Urefu wa mnara wenyewe ndio uliovuta hewa kupitia mabomba ya udongo yaliyopachikwa kwenye matundu, na moto ukajiendesha usiku na mchana kwa siku kadhaa huku watu wakilinda, wakiimba na kufuata miiko. Tanuri lilipambwa na kusemwa nalo kama bibi harusi, na mkuu wa kazi alikuwa na dawa zake ambazo hakumwonyesha kila mtu. Kilichotoka hakikuwa chuma safi. Kilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, lililoitwa kintengwe, ambalo ndilo lilipulizwa kwa mivukuto, na baada ya hapo kikaingia mikononi mwa mhunzi, akafua majembe, shoka, mikuki na visu. Jembe la Ufipa lilikuwa mali: liliuzwa mbali, na lilitolewa mahari.

Kwa upande wa kazi ya mikono, ilungu ilikuwa akili kubwa. Iliwapunguzia watu kazi ya kupuliza ambayo mahali pengine iliwachosha vijana kwa zamu. Kwa upande wa miti ilikuwa na bei yake, kwa sababu tanuri linalovuta hewa lenyewe huungua polepole na hula mkaa mwingi kuliko la mivukuto. Ndani ya mnara ule viliwekwa mkaa na kuni kwa tabaka pamoja na udongo wa chuma, na mkaa mzuri haupatikani kwa mti wowote. Unatoka kwenye mti mgumu unaoota taratibu. Ukizidisha tanuri moja kwa idadi ya minara iliyokuwa ikiwaka kila kiangazi kabla ya mvua, kwa vizazi kadhaa, unaelewa kwa nini wapita njia wa karne ya 19 walielezea uwanda wenye miti haba.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kuwa wayeyushaji ndio walioifanya Ufipa kuwa uwanda wa nyasi. Milima hii ina baridi kali, upepo, udongo uliochoka, na moto wa kila mwaka. Nyasi zilikuwapo kabla ya ilungu. Moto wa wawindaji na wafugaji ndio uliozizuia zisirudi kuwa kichaka, kwa kuwa mche wa msituni ukiungua mara mbili tatu hauinuki tena. Wayeyushaji waliongeza kasi, hasa katika miombo ya kwenye miteremko, lakini miombo ina tabia ya kuchipua kutoka kwenye kisiki. Ukikata na ukaondoka, baada ya miaka utakuta vijiti vinene. Msitu wa mlimani hauna subira hiyo.

Jambo linalonivutia zaidi ni kile ambacho Wafipa walikifanya kwa kukosa miti. Majirani zao wa kusini, Wabemba, walilima kwa kukata matawi, kuyarundika na kuyachoma, kisha kupanda ulezi kwenye majivu. Ndiyo kilimo cha chitemene. Uwanda wa Ufipa haukuwa na matawi ya kutosha. Wafipa wakageukia nyasi. Waliinua matuta ya duara, intumba, wakizika nyasi ndani yake ili zioze na kurutubisha udongo, kisha wakalisambaza tuta na kupanda ulezi, maharage na mazao mengine kwa mzunguko. Kilikuwa kilimo kisichotaka shoka. Mtaalamu wa kilimo wa enzi ya Waingereza, M. Lunan, alikieleza katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki mwaka 1950, na ukikisoma leo unaona mbolea ya mboji inayohubiriwa kwenye semina za siku hizi ikiwa imekwisha kujulikana Ufipa bila semina yoyote.

Watawala nao walikuwa na misitu yao midogo. Milansi, kijiji cha kale chini ya mlima Itwelele, ndicho kilichokuwa kiti cha wafalme wa kwanza kabla ya ukoo wa Watwa kuja na kuanzisha enzi za Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964, aliandika masimulizi hayo kwa kirefu. Katika mahali pa mizimu na makaburi ya wakubwa shoka halikuingia. Eneo lilikuwa dogo, lakini ndipo palipobaki mbegu.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliukuta ufalme wenye amani chini ya Kapufi, watu wakilima na kufuma nguo, na kutoka juu ya milima akaliona Ziwa Rukwa na kulibandika jina la mfalme wa Ubelgiji, Leopold. Jina halikushika. Baada yake wakaja Wamisionari wa Afrika wenye kanzu nyeupe, waliotoka Karema wakasambaa kando ya Tanganyika na kupanda uwandani, wakichoma matofali na kujenga makanisa makubwa yaliyohitaji maboriti marefu na kuni nyingi za tanuri. Kisha Wajerumani wakajenga boma lao Kasanga, wakalipa jina la Bismarckburg, wakatoza kodi. Kodi na jembe la Ulaya vilifanya kazi moja. Mwanamume aliyekuwa akiyeyusha chuma sasa alitakiwa atafute fedha, na jembe la dukani lilikuwa rahisi kuliko lile lililogharimu msimu mzima wa mkaa. Ilungu zikapoa. Katika miaka ya 1930, R. C. H. Greig aliandika maelezo ya kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati ambapo yalikuwa karibu kumbukumbu tu. Ujuzi ulikufa, na hilo linaumiza. Miti ikapumua, na hilo nalo ni kweli.

Sheria ilikuja wakati huohuo, lakini kutoka mbali. Wajerumani walitunga kanuni ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, na kufikia Vita vya Kwanza walikuwa wametenga zaidi ya misitu 200 katika koloni lao, mawazo yao yakiwa zaidi Usambara na pwani kuliko Ufipa. Kasanga ilitekwa mwaka 1916. Waingereza walianzisha Idara ya Misitu na sheria yake mwaka 1921, makao yakiwa Lushoto, na kadiri miaka ilivyokwenda misitu ya vyanzo vya maji ya nyanda za juu ikawekewa mipaka. Mbizi ikaingia katika orodha ya misitu ya hifadhi. Mpaka ulifyekwa, mawe yakapangwa, na mwananchi akaambiwa msitu ni wa serikali. Bibi aliyekuwa akiokota kuni pale tangu utotoni hakuulizwa. Naamini kosa kubwa la hifadhi ya kikoloni lilikuwa hilo: ilikataza bila kutoa kitu mbadala, ikamwachia mtu wa kijijini achague kati ya kuvunja sheria na kulala njaa.

Wataalamu wa viumbe walifika Rukwa kwa njia isiyotarajiwa, wakimfuata nzige. Baina ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walivamia nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika, na bonde la Rukwa likatambuliwa kuwa moja ya mazalio yao. Mwaka 1949 ikaundwa taasisi ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka. Mmoja wa wanasayansi wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alikaa miaka mingi akitazama mbuga za Rukwa, na mwaka 1960 akachapisha maelezo ambayo bado yanasomwa: jinsi tembo na nyati wanavyokanyaga nyasi ndefu, wakafungua njia kwa wanyama wadogo wanaotaka nyasi fupi, kila mnyama akimtengenezea mwenzake malisho. A. A. Bullock, wa taasisi hiyohiyo, alikusanya mimea. Mary Richards, mama wa Kiwelisi aliyeanza kazi ya kukusanya mimea Afrika akiwa karibu na umri wa miaka 65, alipanda na kushuka Ufipa akikusanya sampuli zilizopelekwa bustani ya mimea ya Kew, London. Kwa hiyo mimea ya milima hii ilijulikana London mapema kuliko ilivyojulikana Dar es Salaam.

Uhuru ulipokuja, Sumbawanga ilikuwa mji mdogo wa wilaya, mbali na reli na mbali na lami. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, mwaka uleule wa Operesheni Vijiji. Hapa ndipo pigo jipya kwa miti lilipoanzia, na sijaona likisimuliwa vya kutosha. Watu waliokuwa wametawanyika walikusanywa sehemu moja. Kaya mia kadhaa zikajenga kwa wakati mmoja, zikahitaji nguzo kwa wakati mmoja, zikaanza kupika kwa kuni za umbali wa kutembea kwa miguu. Kabla ya hapo kila kitongoji kilikula kichaka chake taratibu. Sasa duara lililokuwa na kijiji katikati likawa jeupe, na kila mwaka likapanuka.

Kisha mahindi. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ilinunua mahindi kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei moja nchi nzima, mbolea ikiwa na ruzuku, na Reli ya TAZARA ikiwa imefika Tunduma. Rukwa, iliyokuwa pembezoni, ikaingia kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Plau la kukokotwa na ng'ombe likaenea. Intumba, iliyotaka mikono mingi, ikarudi nyuma. Wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao wakateremkia bonde la Rukwa kutoka kaskazini. Kwa mwananchi hizi zilikuwa habari njema: Ufipa ililisha taifa, na watoto walisomeshwa kwa mahindi. Lakini mahindi yana hamu ya ardhi mpya, na ruzuku ya mbolea ilipoondolewa wakati wa mageuzi ya uchumi, mkulima aliyekuwa akitegemea mfuko wa mbolea alitafuta rutuba pale ilipokuwa bado: pembezoni mwa msitu.

Alan Rodgers, mwanaikolojia aliyefanya kazi nchini kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1981 kuhusu mtawanyiko wa mbega Tanzania. Karibu robo karne baadaye walikuja Tim Davenport, Noah Mpunga na Sophy Machaga, wa mpango wa nyanda za juu kusini wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS, wenye makao Mbeya, kundi lilelile lililomtambulisha duniani nyani aitwaye kipunji, wa Rungwe. Waliwahesabu mbega wekundu wa Ufipa kwa kutembea msituni kundi kwa kundi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Kilichojitokeza ni kwamba hawa si jamii moja tena. Wamegawanyika katika vipande vya msitu vilivyotengana, Mbizi kikiwa ndicho kikubwa, na katikati yake ni mashamba na nyasi zinazoungua kila mwaka. Kundi dogo lililofungiwa huzaana lenyewe kwa lenyewe, na moto mmoja mkubwa au wawindaji wachache wenye mbwa wanaweza kulimaliza. Mbega wekundu ni kati ya nyani wa Afrika walio katika hatari kubwa zaidi. Yule wa Ghana na Kodivaa aitwaye wa Miss Waldron hajathibitishwa kuonekana hai na mwanasayansi yeyote tangu mwaka 1978. Huyu wa Ufipa na Kibale ameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari ya kutoweka.

Jambo la maji lingepaswa kuwatisha watu wa mjini zaidi hata ya mbega. Vijito vinavyotoka Mbizi vinanywesha Sumbawanga upande mmoja na vijiji vya bonde la Rukwa upande mwingine. Msitu wa mlimani hukamata ukungu, hupunguza kasi ya mvua na huitoa polepole wakati wa kiangazi. Mteremko ukivuliwa miti, mvua ileile inashuka kwa siku moja ikiwa na udongo, na ziwa lisilo na mto wa kutolea maji linapokea kila kitu.

Wakati macho ya wahifadhi yakiwa Mbizi, soko lilikuwa limegundua mti mwingine huko chini, kwenye miombo. Kwa muda mrefu mpasua mbao wa Rukwa na Katavi alitafuta mninga na mkora, miti ya milango na vitanda. Mninga una maisha magumu. Mche wake hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi huku mizizi ikijijenga chini, kisha mwaka mmoja unachomoza na kukua. Anayekata mninga mnene anakata kazi ya miongo. Lakini mninga ulikuwa na soko la ndani, na fundi wa Sumbawanga alijua bei yake.

Mkurungu ulikuwa habari nyingine. Zambia na Kongo wanauita mukula, wataalamu wanauita Pterocarpus tinctorius. Kabla ya miaka ya 2010 wengi hawakuujali. Kisha wafanyabiashara wa China, wakitafuta mbao nyekundu za samani za kifahari za mtindo wa hongmu baada ya miti ya Asia kupungua, wakaufikia. Msumeno wa moto ukaingia vijijini. Mpasuaji alilipwa fedha kidogo kwa gogo ambalo bei yake bandarini ilikuwa imepanda mara nyingi. Magogo ya Kongo na Zambia yalipita njia ya Tunduma kwenda Dar es Salaam, na miombo ya Kigoma, Katavi na Rukwa nayo ikaguswa. Mwaka 2017 mamia ya malori ya Watanzania yaliyobeba magogo kutoka Kongo yalizuiliwa Zambia, madereva wakalala barabarani kwa wiki kadhaa, na jambo likafika kwa marais wa nchi mbili. Agosti 2019, katika mkutano uliofanyika Geneva wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mkurungu uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, kwa pendekezo la Malawi. Kuanzia hapo usafirishaji wake nje ya nchi ulitaka kibali cha kuthibitisha kuwa haukukatwa kwa kuumaliza. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, jamaa zake wote wa Afrika, mninga ukiwamo, pamoja na mkora, wakaingizwa pia.

Nchini kulikuwa na chombo cha kusimamia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango wa usimamizi shirikishi, ambapo kijiji kinaweza kutenga msitu wake na kutoza faini. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, uliundwa mwaka 2010. Gogo halali linatakiwa liwe na leseni ya uvunaji, alama ya nyundo ya serikali na hati ya kusafirishia. Kwenye karatasi mnyororo huo hauna tundu. Lakini msafiri yeyote aliyepita barabara za kusini-magharibi usiku anajua kwamba lori linaweza kupita na mbao zilizofunikwa kwa magunia ya mahindi, na kwamba kizuizi kimoja chenye watumishi wachache hakiwezi kulinda pori la mamia ya kilomita za mraba. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, iliuunganisha mkoa na soko la nchi. Iliunganisha pia mkaa.

Mkaa ndio ninaouhofia kuliko mkurungu. Bei ya mbao nyekundu itapanda na kushuka Guangzhou, lakini chungu cha maharage kinachemka kila siku. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani Rukwa. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,540,519. Nusu milioni ya watu imeongezeka kwa miaka kumi, katika mkoa wenye baridi, unaopika vyakula vinavyotaka moto wa muda mrefu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa familia ya Mtowisa au Laela inayopata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, mtungi wa gesi unapoisha mwezi wa Februari hakuna cha kuujazia. Mkakati usipotafuta jibu la mwezi wa Februari, moto utarudi kwenye kuni.

Ndiyo sababu siwadharau wanaopanda mikaratusi na misindano, ingawa najua mbega hawezi kuishi humo. TFS ina shamba la miti la Mbizi, na wakulima wengi wa uwandani wamepanda vishamba vyao vya nguzo na kuni. Msitu wa kupandwa si msitu, na ukipandwa kwenye chanzo cha maji unadhuru. Lakini ukipandwa kwenye nyasi zilizochoka, karibu na kijiji, unaondoa sababu ya kwenda mlimani na shoka. Ni kile kilichotokea jembe la dukani lilipozima ilungu, kwa tofauti moja kubwa: safari hii ujuzi unaweza kubaki mikononi mwa wenyeji, na fedha pia.

Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni kuunganisha vipande. Mbega havuki nyasi kwa hiari, anataka tawi. Ukanda wa miti ya asili kutoka korongo hadi korongo ungechukua miaka mingi kukua, ukilindwa na moto kila kiangazi kwa kufyeka njia za kuzuia moto kabla upepo wa Agosti haujaanza. Ukanda huo ungepita kwenye mashamba ya mahindi yenye wenyewe, baadhi wakiwa na hati za kimila mkononi. Mwenye shamba la ekari tatu hawezi kuombwa atoe ekari moja kwa ajili ya mnyama ambaye mjukuu wake hajawahi kumwona. Anaweza kulipwa kodi ya pango kila mwaka kwa ardhi hiyo, fedha zikitoka kwa wanaokunywa maji ya mlima huo. Bili ya maji ya mjini ipo, mita zipo, na kamati za mazingira za vijiji zipo. Mazungumzo hayo yanaweza kuanza kwenye baraza la madiwani la Sumbawanga, kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.